Kili za Sawira

Nchi ya Sawira imelala juu ya uwanda mrefu uliokatwa na mto wa maji ya chumvi, na katikati yake umesimama mji wa mawe mekundu ambao mabwana wake, wenye maghala, visima na malango, hawakuwa wamewahi kukutwa na kosa mahakamani. Si kwamba hawakosi. Sababu ni namna ushahidi unavyotunzwa huko: hauandikwi, husukwa. Shahidi husema, naye msusi wa mahakama hufuata maneno yake kwa miyaa ya ukindu iliyotiwa rangi, wa kijani kwa mahali, wa manjano kwa saa, mwekundu kwa kitendo, mpaka upatikane ukili, utepe mrefu kama ule wa kushonea mkeka. Baada ya miezi sita shahidi husema tena, ukili wa pili husukwa, na kili zote mbili hulazwa mezani. Zikipishana, huchomwa moto, na mlalamikaji hufukuzwa mjini.

Sikitu, mfua nguo, alilijua hilo aliposimama kumshtaki Bwana Kingoru, mwenye malango, kwamba alimbaka katika chumba cha kupigia pasi. Kili zake zilipishana mahali pawili: mlango na saa.

"Kwanza ulisema mlango wa mbele," alisema Dengelua, wakili wa Kingoru. "Leo unasema wa nyuma. Dada yangu, nyumba ilikugeukia?"

Watu wakacheka.

"Sikuwa nauangalia mlango, bwana wakili. Nilikuwa nautafuta."

Kicheko kilikatika. Karani alikuwa ameshawasha kibiriti, lakini Hakimu Shekue, mama mpole asiye na haraka, alimwashiria akizime. Akaagiza ziletwe kili za Kingoru na za watumishi wake watatu, akazipima kwa kidole, moja baada ya nyingine. Zote nane zililingana.

"Ndio ukweli huo, mheshimiwa," Dengelua alisema. "Haupindi."

"Na huu mwaa mweupe?" hakimu alimuuliza msusi.

"Shahidi akikohoa au akisita, Bi Hakimu, naweka mweupe."

"Wanne wamekohoa baada ya neno lilelile. Miezi sita imepita, wakakohoa tena palepale. Bwana Dengelua, hiki ni kifua au ni mafunzo?"

Dengelua alitazama karatasi zake. Hakimu alizirudia kili za Sikitu. Kijani kilihama, manjano yalihama. Mwekundu, pale aliposhikwa, akakataa, asiachiwe, haukusogea hata unywele.

"Aliyeumizwa aweza kupoteza mlango," alisema. "Alichotendewa hakukipoteza. Kili hizi hazichomwi. Sasa, Bwana Kingoru, tueleze siku ile upya, peke yako. Anzia jioni, urudi nyuma mpaka asubuhi."

Kingoru alisimama. Aliomba maji, akaletewa. Akaomba mengine. Alimtazama wakili wake, kisha watumishi wake, na msusi, asiyejua kazi nyingine, akaendelea kusuka alichokuwa akikisikia.

Ukili huo bado umetundikwa mahakamani Sawira. Una urefu wa dhiraa mbili, na wote ni mweupe.