Firigisi za Tomi

Usiku wa jana, bila homa wala kuvimbiwa, niliota nimefungwa kamba shingoni, uani kwangu Tukuyu, na aliyeishika ni mbwa wangu, Tomi.

Ieleweke kwamba Tomi yupo matatani. Amekwisha kula vifaranga watatu wa mke wangu, Atupele, na Atupele hana maneno mengi. "Baba Lusajo," aliniambia, "Jumamosi asubuhi kaka anakuja. Akimkuta bado anakimbiza kuku wangu, anaondoka naye Chunya." Mbwa wanaokwenda Chunya kwa shemeji huwa hawazeeki. Nampenda Tomi, sifichi. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa namfundisha: kuku anapita mbali, Tomi akitulia anapata kitu kitamu, kesho kuku anasogezwa hatua moja.

Sasa kwenye ndoto mwanafunzi ni mimi.

"Kaa," anasema Tomi.

Nakaa. Kuku koo mwekundu anapita, hatua ishirini mbele yangu. Namwangalia. Sipati kitu.

"Kumwangalia ndiyo mwanzo wa kumla," Tomi ananieleza kwa upole. "Niangalie mimi."

Koo anapita tena. Namwangalia Tomi. Papo hapo jogoo aliyetua begani mwangu ananitia punje ya mahindi mdomoni. Tamu ajabu! Nashangaa nimeishi miaka yote hiyo bila kujua.

"Kumi na tisa," inatangaza kamba.

Tulipobakiza hatua tatu, ua haukuwepo. Tulikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, na yule koo amekaa juu ya meza, anaatamia mihuri.

"Huyu mbwa akituacha salama, unamtuza nini?" akaniuliza.

Nikatoa kifuko mfukoni. "Firigisi."

Feni iliacha kuzunguka.

Nilijitetea. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mke huitenga akamwekea mumewe sahani ya peke yake. Tulipochinja majogoo wa sherehe ya ubarikio wa Lusajo, mimi sikuzila zile firigisi. Nilizificha, nikazikausha, nikazikatakata vidogo vidogo kwa ajili ya Tomi. Nimejinyima jamani, nikasema, na kweli uchungu ulinipanda.

"Firigisi za nani?" akauliza koo.

"Zangu."

"Kabla hazijawa zako."

Nikakifunga kifuko.

"Mzee," akasema Tomi, "unanikataza kuku, halafu unanilisha kuku. Mimi nishike lipi?"

Koo akachomoa muhuri mmoja chini ya tumbo, ungali na joto, akanigonga nao kwenye paji la uso. "Dagaa," akasema. "Kuanzia leo. Anayefuata!"

Niliamka jua limeshatoka na pikipiki ya shemeji Ambakisye inanguruma uani. Nikapitia jikoni, nikachota dagaa kwenye kopo.

"Leo dagaa?" akasema Atupele, hata hakugeuka. "Firigisi zimeisha?"

Kumbe alijua siku zote. Nikatoka uani.

Shemeji alikwisha shuka, kamba mkononi. "Haya, tuone," akasema.

Atupele akamwaga pumba. Kuku wakaja mbio. Tomi alikuwa amekaa karibu na miguu yangu, anatetemeka mwili mzima, na mimi pia. Nilihisi kitu kigumu shavuni, nikakitema bila kufikiri. Kikaangukia katikati ya miguu yake ya mbele. Koo mwekundu akaja moja kwa moja, akaingiza kichwa pale pale, akakidonoa.

Tomi hakumwangalia. Aligeuza shingo, akaniangalia mimi. Papo hapo nikamtia dagaa mdomoni.

Shemeji akakunja kamba yake, akauliza kama kuna chai.

Atupele alibaki amesimama na ungo, ananitazama mdomo. "Baba Lusajo, jana tumekula ndizi," akasema. "Hiyo punje ya mahindi umeitoa wapi?"