Kikwembe cha Babu Chileshe

Ujumbe ulifika nikiwa nakoroga bukari, ugali wa kwetu. Simu ilitetemeka juu ya meza, ikatetemeka tena, na hata kabla ya kufuta mikono nilijua ni kundi la familia. Mama Mukubwa Virginie, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, alikuwa ametuma picha ya kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa chenye maua makubwa ya kijani. Hiyo ndiyo sare ya harusi ya binamu yangu Exaucée. Kila mwanamke wa familia akinunue, akakishone, kisha kila Jumamosi tukutane nyumbani kwake, mtaa wa Bel-Air, kujaribu nguo, kujifunza ngoma ya kuingilia ukumbini na kupanga vyakula.

Kila Jumamosi, tena.

Familia yetu ndivyo ilivyo. Harusi ina kikwembe chake, ubatizo una chake, na kilio cha msiba pia kina chake. Chini ya kitanda changu kuna sanduku limejaa magauni niliyoyavaa mara moja tu. Huwezi kuyarudia, kwa sababu akina mama wa familia hawasahau kitambaa. Watakuuliza mbele ya watu, "Hii si ile ya harusi ya Chilufya?" Nami nafundisha biolojia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumapili ni ya misa na kusahihisha kazi za wanafunzi. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo ingeweza kuwa yangu.

Jumapili iliyotangulia, mjomba Adalbert alikuwa amenisubiri nje ya kanisa. Yeye ndiye anayesimamia shamba dogo ambalo mama aliliacha kule Kasungami.

"Keren, ile shamba ya mama yako iko majani tupu," aliniambia. "Bantu banaanza kutupa uchafu pale. Kama Toussaint ya mwezi wa kumi na moja inafika na haujalima, nitaipatia mwenye nguvu ya kulima."

"Mjomba, niko na kazi mingi."

"Kazi gani? Kila samedi niko naona mapicha yako, unacheza na bamama!"

Mama alinunua shamba lile kwa kuuza maandazi, na aliniambia kwamba siku moja nitahitaji mahali ambapo hakuna wa kuniuliza nitaondoka lini. Nilipoliwaza niliona mahindi, tuta la mboga ya lengalenga, kuku wachache, na baadaye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama jua la asubuhi. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilitaka kuwa mtu anayeamka na kujua kwamba siku hii ameipanga mwenyewe.

Kwa hiyo nilizima jiko, nikaketi, nikaandika kwenye kundi: "Bamama na badada, ninawapenda. Lakini kuanzia sasa nitakuwa na kikwembe kimoja tu cha sherehe, nacho nitakivaa kwenye harusi zote. Siku ya sherehe nitakuja. Jumamosi nyingine zote sitakuja, na simu itabaki nyumbani."

Majibu yalimiminika.

"Eh, diplome inamupanda mu kichwa!"

"Keren, uko mugonjwa?"

Binamu yangu Guelor, ambaye hakosi neno, aliandika: "Muache. Siku ya mariage yake tutakuya na pyjama, shiye bote."

Mama Mukubwa Virginie hakuandika kitu. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Jumamosi ya kwanza niliiweka simu kabatini, nikafunga jembe kwenye baiskeli na kuelekea Kasungami. Njiani nilitazama nyuma kama mtoto anayetoroka shule. Lakini nilipofika, nikasikia upepo katika majani yaliyonifikia kifuani, niligundua kwamba hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa akiningoja kwa saa zile. Nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kulima.

Furaha haikuniongezea nguvu mikononi. Majani yale yana mizizi kama kamba. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Jumamosi baada ya Jumamosi nilirudi nyumbani nimejaa vumbi jekundu, na bado sehemu kubwa ya shamba ilikuwa msitu. Mijakaranda ya mjini ilikuwa imeshaanza kumwaga maua na mawingu yalijikusanya kila alasiri. Toussaint ilikaribia. Nilikuwa nimeipata Jumamosi yangu, na sasa nilikuwa naona kwamba nikiwa peke yangu haitanitosha.

Harusi ya Exaucée ilipofika, nilifungua sanduku la mama nikachagua kikwembe kimoja cha kuvaa kwenye sherehe zote: cha buluu iliyoiva, chenye ndege weupe. Mama alikuwa amekikunja vizuri kuliko vingine vyote. Nilijifunga, nikavaa hereni zake, nikaingia ukumbini kichwa juu, katikati ya maua yale ya machungwa na kijani.

Meza ya akina mama iligeuka kunitazama. Kijiko kilianguka.

"Yangu mama!" mmoja alisema, mkono mdomoni.

Mama Mukubwa Virginie aliinuka, akanishika mkono na kunivuta hadi nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria.

"Weye mutoto! Unajua iko nini unavaa?"

"Ni kikwembe cha mama."

"Iko kikwembe ya kilio! Kilio ya babu Chileshe! Shiye bote tulivaa hii siku ya kumuzika, na leo unakuya nayo ku mariage!"

Babu alipokufa nilikuwa shule ya bweni kwa masista, Likasi, na sikuletwa kwenye mazishi. Kabla ya kufungua sanduku la mama sikuwa nimekiona kitambaa kile. Nilianza kueleza hayo. Mama Mukubwa aliniangalia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama ya bwana harusi atauliza kama tuko na mufu mu nyumba," alisema akifuta machozi. Akafungua kitambaa chake cha juu, akanizungushia kiunoni ili kuwafunika ndege. "Shika hapa, ufunge."

Nilipoinua mikono, aliona viganja vyangu. Kicheko kikakatika.

"Njo nini hii?"

"Ni jembe. Ninalima Kasungami, shamba la mama. Mjomba Adalbert atalitoa kama Toussaint itakuta majani."

"Shamba ya Agnès?" Alilitaja jina la mama polepole. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliandika kwenye kundi."

"Hapana. Uliandika hautakuya. Haukuandika uko unaenda wapi. Miye nilisema, basi, mutoto anatuchoka."

Sikuwahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nimefunga mlango ili nipumue, na mtu anayenipenda alibaki nje akidhani nimemfukuza.

"Sijachoka na ninyi, Mama Mukubwa," nilisema. "Nimechoka na kutokuwa na siku."

Alikaa juu ya kreti ya bia, akavua kiatu kimoja na kusugua kidole. "Hata miye," alisema kwa sauti ndogo. "Unafikiri miye sichoke?"

Jumamosi ya mwisho kabla ya Toussaint nilifika shambani mapema. Nilikuwa nimeshaanza mstari wangu niliposikia sauti za wanawake njiani, wanabishana na kucheka. Mama Mukubwa Virginie alikuwa mbele, jembe begani. Nyuma yake walikuja akina mama na binamu zangu, hata Exaucée, bibi harusi. Wote walikuwa wamejifunga kikwembe cha buluu chenye ndege weupe.

"Bikwembe hii ilikuwa inalala tu mu sanduku," alisema Mama Mukubwa. "Leo itafanya kazi. Tuonyeshe fasi ya kuanzia, mwenye shamba."

Niliwaonyesha. Majani yalianza kuanguka.

Jua lilipopanda, mjomba Adalbert alifika kukagua. Aliona umati wa wanawake katika sare ya kilio, akasimama ghafla, akavua kofia na kuibana kifuani.

"Bamama," alisema kwa sauti ya msiba, "nani anakufa?"

Mama Mukubwa Virginie alinyanyua bonge la mizizi na kulitupa miguuni pake.

"Majani," alisema. "Anza kulia."

Vicheko vilienea shamba zima. Mjomba alitazama udongo mwekundu uliofunguka, akanitazama mimi, akarudisha kofia kichwani na kuanza kukunja mikono ya shati.

Ndani ya kikapu cha Mama Mukubwa, simu iliita. Aligeuka, akakitazama kikapu kwa muda kama mtu anayetaka kukumbuka jambo. Kisha akatema mate viganjani, akashika jembe na kuingia mstari unaofuata. Simu iliita mpaka ikanyamaza yenyewe.