Kisu cha Kuviringisha Kingo

Sabapathi alilitamka jambo lile mbele yetu sote, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Kaka Nachimuthu, kifuniko hiki kikitoka salama, programu utaendelea kuandika wewe. Kikiharibika, nitanunua programu kutoka ofisi moja ya Chennai, nawe utahamia kwenye beseni la kuoshea vipande."

"Kitatoka," Nachimuthu akajibu.

Karakana yetu hapa Coimbatore hutengeneza pampu. Sabapathi aliirithi kwa baba yake. Nachimuthu na mimi tuliingia tukiwa vijana wa kushika tupa. Mashine za kompyuta zilipokuja, tulijiandikisha sote darasa la jioni. Yeye akanipita mbali, mimi nikabaki na kerezo langu.

Mteja alikuwa ametuletea kipande kimoja tu cha majaribio cha kutengenezea kifuniko hicho, cha chuma kisichoshika kutu. Nilikikereza, wenzangu wakakitoboa. Ilibaki kazi moja: kuviringisha ukingo wake wa juu, usimkate mkono mfungaji wa pampu. Ni kazi ndogo, lakini kazi ya mwisho inaweza kuziua zote zilizotangulia.

Kisu cha kazi hiyo hudanganya macho. Mwili ni mnene, ncha ni nyembamba, na kinachokata ni mbonyeo uliochongwa kati yake, kama robo ya pete. Ukiiambia mashine unene wa mwili, umekwisha. Sharti upime ncha, uongeze upana wa mbonyeo, kisha ukishushe kisu mpaka mbonyeo uguse uso wa chuma bila kuuzamia. Kikizidi hata unene wa kadi ya harusi, huacha ngazi, na ngazi hairudishiki. Nachimuthu alipima, akaandika mistari yake, akaizungusha mashine kwanza bila chuma.

"Kaka, leo unakata upepo?" nikamtania.

"Upepo haulalamiki kama wewe. Rudi kwenye kerezo lako."

Tulikata asubuhi iliyofuata sikukuu ya zana. Siku ya sikukuu yenyewe hakuna aliyegusa swichi. Mashine zilivishwa maua, zikapakwa liwa, ule uji wa manjano wa msandali, na unga mwekundu, nasi tukala bisi za mchele na dengu. Alama hizo kwetu hazifutwi. Huachwa zichakae zenyewe.

Sauti ilianza vizuri, nyororo. Kisu kilipovuka kwenda upande wa pili ikageuka, ikawa ya kukwaruza. Nachimuthu akapiga kitufe chekundu, akafungua mlango wa mashine, akapitisha ukucha juu ya ukingo. Ukucha ukakwama.

"Programu?" Sabapathi akauliza.

"Subiri, bosi."

"Nisubiri nini? Ngazi naiona kutoka huku!"

"Iko upande mmoja tu. Upande huu ni safi. Programu ikikosea, hukosea mzunguko mzima. Chuma kimekaa mshazari."

Akalegeza vibano, akakiinua kifuniko. Chini yake kuna vikalio vitatu ambavyo kazi huketi juu yake. Viwili vilikuwa vinang'aa. Cha tatu kilikuwa na kigaga cha manjano cha liwa iliyokauka, na juu ya kigaga ilikuwepo alama ya kidole gumba. Kidole kilikuwa cha Nachimuthu mwenyewe. Kwa umri wake ndiye aliyepewa heshima ya kuzipaka mashine, na Maragatham, mama yake Sabapathi, alimfuata nyuma akimwelekeza: "Na hapo pia, mwanangu, ndipo kazi inapokaa."

Bibi huyo alikuwa amesimama mlangoni. Akaziba mdomo kwa upindo wa sari. Nachimuthu alimtazama, asimtaje. Mimi pia sikumtaja.

"Kwa hiyo programu ilikuwa sahihi," akasema Sabapathi.

"Sahihi kabisa!" Uso ukamng'aa Nachimuthu, na ule mng'ao uliniumiza kuliko ngazi.

"Basi na ya Chennai itakuwa sahihi. Namba zinanunulika, kaka. Nilikuwa nakuweka kwa ajili ya macho yako. Mtu wa miaka yako anakalisha chuma juu ya uchafu?"

"Ni liwa, bosi."

"Ikiwa chini ya chuma ni uchafu."

Nachimuthu alichukua kitambaa chenye thina, akakisugua kile kikalio mpaka kikang'aa kama wenzake. Kufuta alama siku ile ni mwiko, lakini hakuna aliyemzuia. Akaifuta programu yake pia kwenye kioo cha mashine, mstari baada ya mstari, ingawa hakuambiwa.

Kisha akaenda kwenye beseni. Kwetu, kazi ambayo mkono unaishika siku inayofuata sikukuu ya zana ndiyo utakayoishika mwaka mzima. Hata watoto hupelekwa kuandika herufi ya kwanza siku hiyo. Alisimama juu ya mafuta ya taa yaliyolijaza, mikono nyuma, akiangalia ukutani. Niliwasha kerezo ili nisimwone.

"Kaka," Sabapathi akaita, na sauti yake haikuwa na ukali tena, "vipande vinangoja."

Nachimuthu akakunja mikono ya shati, akazamisha viganja.