Alama Ndani ya Mtutu

Asubuhi ile Lokol alikuwa ameketi juu ya jerikeni mbele ya karakana yake, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, akipuliza chai, Halkano alipotokea kwenye kona amebeba bunduki ndani ya shuka. Tangu ng'ombe wa Biliqo, kijiji cha Waborana, waibwe, hakuna Mborana aliyekuwa amekanyaga pale, hata kujaza upepo tu. Lokol alikuwa Mturkana, na Biliqo nzima ilikuwa imeshakata shauri kwamba ng'ombe wao wako kwa Waturkana, wananenepa. Ushahidi ulikuwa wapi? Haukuwapo. Lakini tangu lini fitina ikangoja ushahidi?

"Salaam aleikum," Halkano akasema, macho chini.

"Habari yako, kijana. Keti."

Hakuketi. Alikuwa homgadi, mlinzi wa mifugo aliyekabidhiwa bunduki, na aibu ilikuwa imemlemea. Siku ya uvamizi alipiga risasi mpaka kidole kikafa ganzi, na hakuna hata moja iliyokwenda alikoituma. Mojawapo ilitoboa tangi la maji la msikiti. Bunduki yenyewe ilikuwa mpya, imetoka kiwandani, moja ya zile zilizoletwa kwa juhudi za Mwenyekiti wa kamati ya amani.

"Wazee wanasema ni mkono wangu ndio mbovu," Halkano akasema. "Na Ijumaa kuna baraza. Kuhusu nyinyi."

Lokol alijua. Baraza lingeamua kama Waturkana wa ule mstari wa nyumba za kupanga wabaki au wahame. Watoto wake wote walizaliwa pale. Natabo, mkewe, alikuwa amefunga masufuria kwenye gunia, akayafungua kwa hasira, kisha akayafunga tena.

"Na bado umekuja kwangu?"

"Sasa niende kwa nani, mzee? Nani mwingine anajua kulainisha chuma kwa ndani?"

Hilo lilikuwa kweli. Lokol alikuwa fundi wa silaha jeshini, na baada ya kustaafu akawa mtu wa injini za visima, kuanzia Isiolo mjini hadi Korbesa. Akahakikisha bunduki haina kitu, akaifungua, akauelekeza mtutu kwenye jua na kuchungulia. Mtutu mzuri hung'aa kwa ndani kama sufuria ya bibi harusi. Huu ulikuwa kama barabara ya murram baada ya mvua. Mashine ya kiwandani ilikuwa imekata chuma, ikaacha mikwaruzo yake palepale, na hakuna mtu aliyejisumbua kurudi kuilainisha.

Lokol akapangusa jicho, akachungulia tena. Mikwaruzo ile ilikuwa chapa za mifugo. Aliona mwezi mchanga wenye vitone viwili, chapa ya kwao Halkano, aliona mkia wa nge, na kule mwisho akaona msalaba uliovunjika mguu, ambao ni chapa ya mbuzi wake mwenyewe waliopotea wakati wa kiangazi.

"Ng'ombe wenu wako humu," akasema.

"Wote?"

"Naona na mbuzi zangu."

Halkano akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana risasi hazipiti vizuri."

Lokol akazungushia kitambaa kwenye fimbo ya shaba, akapaka pesti ya kusagia valvu, akaanza kusugua. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukiwa na pupa unapanua tundu, na bunduki inakuwa bomba la maji. Alisukuma na kuvuta, akivuta na pumzi, mpaka kitambaa kikatoka na unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja mfano wa mwezi mchanga. Akauweka juu ya kifuniko cha kopo. Nyuma ya karakana ng'ombe akalia.

"Mama Apua!" Lokol akaita. "Hamisha hayo mabeseni, kuna ng'ombe."

"Nimeshamwona," Natabo akajibu. "Amekanyaga unga wangu!"

Alikuwa Diimtu, ng'ombe mwekundu wa mama yake Halkano. Halkano akamshika pembe, akaweka paji la uso wake kwenye shingo yake, akalia bila kujificha. Diimtu alikuwa mzima kabisa, ila alinukia moshi wa nyama choma, na kidogo limau. Na pajani alikuwa na muhuri wa zambarau, ule ambao mkaguzi huugonga kwenye nyama buchani. Ulikuwa umechorwa kwato ndani ya nyota.

Hakuna mtu Isiolo asiyeijua kwato ndani ya nyota. Imechorwa kwenye milango ya malori ya Mwenyekiti, na kwenye lango la machinjio yake yaliyo njia ya Nairobi.

"Kwa hiyo hawakwenda kwenu," Halkano akasema.

"Ningekwambia hivyo tangu mwanzo."

"Sikukuuliza, mzee. Hilo ndilo kosa langu."

Lokol akaloweka kitambaa kingine kwenye mafuta. Wakafanya kazi kwa zamu, Mturkana akisukuma, Mborana akivuta, na kila alama iliyotoka mtutuni ilitoa mnyama uani. Wapo walionukia pilau, maana walikuwa wameliwa kwenye harusi. Fahali mmoja alinukia hospitali, kwa kuwa alipikwa supu ya wagonjwa. Mbuzi wa Lokol walirudi wakiwa na hasira zilezile walizoondoka nazo, na papo hapo wakaanza kula shuka la Halkano. Kufikia Alhamisi mtaa ulikuwa umejaa mifugo, bodaboda zinapita kwa kuomba radhi, na lori la kwanza la watu wa Biliqo likashusha akina mama waliopiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya mabati.

Qabale, mama yake Halkano, ndiye aliyekuwa amewasema Waturkana vibaya kuliko wote. Alikagua chapa ya Diimtu, akakagua muhuri, akatema mate chini. Kisha akaingia kwa Natabo na kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa moshi.

"Mama Apua, ulimi hauna mfupa. Wangu ulinitangulia."

"Ulitangulia mbali sana," Natabo akasema, bila kutabasamu. Akanywa, akapangusa midomo. "Nisaidie kufungua hili gunia la masufuria. Fundo limekaza."

Ijumaa, baada ya swala, baraza likakaa. Halkano alikuwa amepiga risasi moja kule kwenye mto mkavu asubuhi, akaangusha mkebe waliouweka mbali kiasi kwamba mzee mmoja wa baraza, Waqo, aliuita uvumi. Sasa alisimama mbele ya wote, akasema ng'ombe wametolewa na nani, na walikuwa wameliwa na nani. Wazee wakainuka mmoja mmoja kumpa Lokol mkono. Hakuna aliyetaja kuhama tena. Lokol, mtu ambaye hakuwahi kucheka hadharani, alicheka hadi machozi yakamtoka, na furaha ile hakuna aliyemwonea wivu.

Mwenyekiti alikuwepo, kiti cha mbele, na afisa mmoja wa polisi kando yake. Diimtu alikuja akasimama hapo karibu, akawageuzia paja lenye muhuri.

"Ng'ombe hawa waliibwa?" afisa akauliza.

"Waliibwa!"

"Wako wapi?"

"Si hawa hapa!"

"Basi hawakuibwa."

"Na muhuri?" Qabale akafoka. "Huo ni muhuri wa nyama!"

Afisa akamtazama Diimtu kwa makini. "Hii si nyama, mama. Hii inatembea. Hakuna kesi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwenyekiti ilikuwa na lami. Alisimama, akawashukuru wananchi kwa kudumisha amani, akatangaza kwamba bunduki nyingine mpya zimeshafika, kiwanda kilekile, kwa juhudi zake. Wachache walipiga makofi, kwa mazoea. Kisha akaingia kwenye gari lake akaenda zake.

Jumatatu Halkano alikuja na bunduki hizo mpya mgongoni mwa punda. Safari hii aliketi kabla ya kukaribishwa, na Natabo akampa chai. Lokol akachukua ya kwanza, akaielekeza kwenye jua. Mikwaruzo ilikuwa mibichi na mirefu kuliko ya kwanza. Ya mbele kabisa ilikuwa mwezi mchanga wenye vitone viwili.

Akashusha mtutu, akatazama uani. Diimtu alikuwa pale, amefungwa kwenye nguzo, anatafuna katoni.

"Ni yeye?" Halkano akauliza.

"Ni yeye. Na mbuzi zangu wako nyuma yake."

"Lakini hajaibwa bado."

"Ndiyo raha yake," Lokol akasema, akifungua kopo la pesti. "Tunamtoa kabla hajaliwa. Shika huo upande mwingine."