Mbege Isiyoonjwa

Kibosho, kama popote Uchagani, mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza. Anachota mbege kwa kata, anapiga funda moja mbele ya mgeni, kisha anampokeza kata ile ile. Kila mtu anajua maana yake: kunywa, humu hamna kitu. Asiyeonja hajasema neno, lakini amesikika mpaka ng'ambo ya mto.

Dominika, mjane wa Valerian, alikuwa akionja hivyo tangu alipoolewa. Kila Jumapili akitoka misa, jirani yake Eliona naye akitoka kwao kwa Walutheri, walikaa uani kwa Dominika wakibishana kama ni padri au mchungaji aliyehubiri mpaka watu wakasinzia, huku kata ikienda na kurudi. Watoto wao walishatawanyika, kama watoto wa Kichagga wanavyotawanyika, wa kuonekana Desemba tu. Filbert, mtoto pekee wa Dominika, alikuwa na kazi Nairobi. Alipiga simu kila wiki, kijana mwema kabisa, ila jino la pembe si dawa ya pengo. Aliyemshika Dominika mkono alipokatwa titi kwa sababu ya saratani alikuwa Eliona.

Titi likaondoka, ugonjwa haukuridhika, ukamfuata mgongoni. Madaktari wakasema umeingia kwenye mifupa. Filbert akawa anatuma kutoka Nairobi dawa ya dripu ya kuimarisha mifupa, na kila mwezi Dominika alishuka Moshi mjini kutundikiwa. Mgongo ukatulia, akarudi kumkatia ng'ombe wake majani. Muuguzi alikuwa amemwonya tangu mwanzo: "Mama, jino likikusumbua, usiende kung'oa mahali popote kabla hujatuambia." Dominika akaitikia ndiyo, kama tunavyowaitikia waganga wote, na maneno yakabaki pale pale kitandani.

Masika ya mwaka 2006 gego lake la chini likaanza kumpiga. Alilituliza kwa karafuu na maji ya chumvi, wapi. Siku moja ameteremka Kiboriloni kuuza ndizi, maumivu yakamzidi, akaingia kwenye kizahanati nyuma ya wauza mitumba. Mng'oaji akamuuliza kama ana sukari au presha. Akasema hana, na kweli hakuwa nazo. Saratani hakuulizwa, naye hakuitaja. Titi na jino vina undugu gani? Gego likatoka kwa mvuto mmoja, na mama wa watu akafurahi hata akapitia buchani.

Nyama ile hakuitafuna. Pengo lilikataa kufunga. Baada ya wiki kadhaa ulimi wake ukagusa kitu kigumu pale, akadhani ni kipande cha jino kilichosahauliwa. Kumbe ni mfupa wake mwenyewe wa taya, umechungulia nje. Usaha ukafuata, na usaha ukaja na harufu. Alisukutua kwa chumvi, akatafuna majani ya mpera, harufu haikuondoka. Akaanza kuongea akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Hata alipokwenda kutundikiwa dripu aliziba hivyo hivyo, hakumwambia mtu. Kanisani akahamia mwisho wa benchi, na kwenye kutakiana amani akawa anatoa mkono bila neno. Aliona aibu, basi. Titi lilimletea watu na uji nyumbani, lakini nani anamletea uji mtu anayenuka?

Jumapili moja Eliona akaingia uani akisalimu kwa sauti yake kubwa.

"Shimboni, Mama Filbert!"

Dominika alimkaribisha, akachota mbege, akaitazama kata. Mdomo wenye usaha utatia nini humu, halafu rafiki yangu aje aweke midomo yake hapo hapo? Kwa kumhurumia, akampa bila kuonja.

Eliona aliishika kata, akangoja.

"Hujaonja."

"Kunywa tu, mae. Mimi leo sinywi."

"Sijakwambia unywe. Nimesema uonje."

"Tumbo halitaki."

Eliona aliiweka kata chini kwenye nyasi, polepole, isimwagike. "Basi na langu halitaki," akasema, akajifunga vizuri kitenge chake akaondoka.

Hapo Dominika angeita. Neno moja lingetosha. Hakuita, kwa sababu kuita ni kufungua mdomo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mwenzetu alikuwa radhi kilio kimkute kuliko harufu imtangulie.

Maneno ya mlimani hayahitaji nauli. Eliona hakusema sumu wala uchawi. Alisema tu, "Hakuonja," wengine wakamalizia wenyewe. Waliokuwa wakichukua maziwa kwa Dominika wakapata maziwa kwingine. Mama mmoja aliyekuwa akikatiza kwenye kihamba chake cha migomba kwenda kisimani akaanza kuzunguka na barabara. Dominika akawa anapika mtori wa mtu mmoja, anaunywa wa vuguvugu kwa upande mzima wa mdomo, hana hata wa kumlalamikia kwamba chumvi imezidi.

"Mama, watu wanakuja kukuona?" Filbert aliuliza kwenye simu.

"Wanakuja mno, mpaka wananichosha."

Simu ilipokatika alilia. Siku aliyomzika Valerian hakuwa mpweke namna hii. Siku ile angalau nyumba ilijaa watu.

Kidevu kilipoanza kufa ganzi, akaona heri aibu. Akashuka hospitali, na safari hii akapelekwa kwa daktari wa meno, binti mmoja anaitwa Violet, ambaye alimwamkia shikamoo kabla ya kuvaa glavu. Violet alimulika, akauliza habari za dripu. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, ile dawa inaushikilia mfupa usiliwe na saratani. Imekusaidia. Lakini taya la mtu anayetumia dawa hiyo likijeruhiwa, kama kwa kung'oa jino, mara nyingine linashindwa kupona. Hicho kipande unachokigusa kimekufa."

"Kinaambukiza?"

"Hapana."

"Hata nikinywa na mtu kata moja?"

"Ugonjwa huu haumpati mtu kwa kata, mama."

Violet aliendelea kueleza: vidonge, dawa ya kusukutua, dripu isimame kwanza, huenda mfupa ukaachia wenyewe, huenda ukakatwa, na hawezi kumwahidi kwamba pengo litafunga. Dominika aliyasikia hayo kwa sikio moja. Alichopanda nacho mlimani ni lile neno hapana.

Hakupitia hata kwake. Alimkuta Eliona anamenya ndizi, naye Eliona hakumkaribisha wala hakuinua macho. Dominika akatoa kanga mdomoni, akageukia kwenye mwanga, akaachama.

Eliona aliinuka, kisu mkononi, akachungulia.

"Ruwa, Mungu wangu! Huo ni mfupa?"

"Ndio huo. Ndiyo maana sikuonja. Niliogopa kukutilia uchafu wangu."

Eliona alitupa kisu, akampiga begani kwa hasira, machozi yanamtoka. "Mjinga wewe! Mimi nakulaani moyoni, kumbe unaoza peke yako hapo jirani!"

Wakashikana wakalia kama waliofiwa. Dominika akamweleza alivyosema daktari, kwamba ugonjwa hauambukizi, akalirudia neno hilo mara mbili ili lisipotee.

Na Eliona ni mtu wa haki. Alichokiharibu kwa mdomo alikwenda kukitengeneza kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, hata kwa wasiouliza. Wachukua maziwa wakarudi. Mama wa kisimani akakatiza tena kihamba, safari hii na mkungu wa ndizi za pole. Mjukuu wa Eliona alipopata kipaimara, Dominika akakaribishwa wa kwanza, akawekwa kwenye kiti chenye mto, katikati ya watu. Alivaa gauni la Krismasi. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Mbege ikatolewa. Eliona akaonja, akampokeza aliyefuata, kata ikazunguka, watu wanacheka. Ikafika kwa mzee Elisaria, shemeji yake Eliona, aliyekaa kushoto kwa Dominika. Mzee akanywa, akapangusa midomo. Dominika akanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima. Elisaria akainuka kidogo kitini, akaipitisha kata mbele yake, akampa aliyekaa kulia kwa Dominika.

Eliona akatoka ndani mbio mbio na kikombe cha plastiki, kipya, karatasi ya dukani ingali imebandikwa, kimejaa.

"Hiki chako, mae. Nimekununulia chako peke yako, kata isije ikakuumiza."

"Daktari alisema…"

"Najua alivyosema, si nimewaambia wote? Ni wewe tu, ukae kwa raha."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo penye uchungu, kwa maana angekuwa anamdharau, Dominika angejua la kumjibu. Watu wote walikuwa wakimtazama, wanatabasamu, wanangoja anywe. Akasema ahsante. Akapiga funda moja, akakitazama kikombe, kisha akanywa taratibu mpaka mwisho, maana hakuwa na wa kumpokeza.