Ivyne Mbele ya Bodi ya Madaktari

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Selpher alimwogesha bintiye Ivyne kwenye beseni nje ya chumba chao huko Kangemi, akampaka mafuta hadi magoti yakang'aa, akamvalisha sweta ya kanisani. Halafu akamfunga mgongoni kwa leso mbili. Ya kwanza ya kumbeba, kama mama yeyote. Ya pili ya kumzuia asipae, maana tangu Pasaka mtoto alikuwa amepoteza uzito wote. Ukimwachilia, anapanda polepole hadi kwenye mabati, na hapo anakaa akitazama buibui, ametulia kuliko wengi wetu tulioshikwa na sakafu.

Majirani walizoea. Mwenye ploti aliyewapangisha alikuja kuangalia, akasema mradi asitoboe paa.

Ivyne alikuwa na miaka tisa, na miguu yake haikuwahi kumsikia hata siku moja. Shule moja ya Riruta, yenye darasa la watoto kama yeye, ilikuwa tayari kumchukua, ila ilitaka barua ya bodi ya madaktari kwamba kweli ana ulemavu. Bila barua, hakuna shule. Bodi ilikaa Jumanne tu, katika hospitali moja mjini, orofa ya tatu. Lifti iliharibika zamani. Watu walipanda ngazi kwenda kuthibitisha kwamba hawawezi kupanda ngazi.

Kwenye benchi, mwanamke mmoja aitwaye Mama Clifford, aliyekuwa amefika hapo mara ya nne na mwanawe mapajani, alimkagua Ivyne toka utosini hadi vidoleni.

"Wewe, mafuta yote hayo unampeleka harusi? Hapa mtoto analetwa akikaa vibaya kidogo. Mimi wangu hata sijamchana."

"Siwezi kumleta mtoto mchafu mbele ya wakubwa."

"Haya basi. Utapewa barua ya urembo."

Waliitwa saa nane. Madaktari watatu walikuwa mezani na chai yao. Hapo Selpher akafanya kosa, na lilikuwa kosa la adabu. Kwao, huwasalimii wakubwa na mtoto mgongoni kama gunia la mahindi. Unamfungua, wamwone, ndipo unatoa mkono. Akafungua leso ya kwanza. Akafungua ya pili.

Ivyne akapanda. Akapita juu ya mafaili, akageuka taratibu, akatua darini karibu na taa.

Daktari mkubwa aliinua miwani, akaishusha, akainamia fomu.

"Anaweza kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kusaidiwa?"

"Daktari, hatembei. Hajawahi hata kusimama."

"Sijauliza kutembea, mama. Alikuwa hapo, sasa yuko pale. Umemsaidia?"

Selpher akatazama dari.

"Sijamsaidia. Lakini hawezi kurudi."

"Kurudi hakuko kwenye fomu."

Akaandika barua, akapiga muhuri. Karani akaleta ufagio mrefu, wakamshusha mtoto polepole. "Msichana msafi kweli," karani akasema. "Anatunzwa."

Kwenye ngazi Ivyne aliuliza, kwa ule usemi wake wa kuvuta ambao mama yake tu huuelewa haraka: "Mama, nimefeli?"

"Umepita," Selpher akasema. "Hiyo ndiyo shida."

Shuleni waliisoma ile barua ya kukataliwa, wakasikitika kwa dhati, wakafunga geti.

Jumatatu iliyofuata Selpher hakwenda kufulia watu nguo. Alikuja shuleni na kamba ya kuanikia, akaifunga kiunoni mwa Ivyne, akamwachilia apande kando ya ukuta wa shule hadi usawa wa dirisha la darasa lile. Yeye akaketi nje kwenye vumbi, kamba mkononi. Wapita njia walimsalimia. Kila mwalimu alipouliza swali, sauti ya kuvuta ilijibu kutoka hewani, kwa kuchelewa, na mara nyingi jibu lilikuwa sawa.

Alhamisi, mwalimu wa darasa, Bi Waringa, alifungua dirisha. Selpher akasimama haraka, akapangusa sketi. Alijua wameitwa ndani.

"Mama Ivyne," mwalimu akasema kwa upole, "hebu mvute kidogo upande ule. Anawazibia wenzake mwanga."

Selpher akamvuta.