Barabara ya Mashamba ya Chumvi

Kwa miaka thelathini na moja Radhia aliendesha pikipiki usingizini tu. Kila milozi ilipochanua nje ya mji wa Sfax, Tunisia, aliota yuko juu ya pikipiki ya baba yake, barabara ni nyeupe kwa chumvi, haina mwisho wala sauti. Alipoamka, alikuta mkono wake wa kulia umeshika shuka na kuisokota kama anayeongeza mafuta. Mchana alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyekwenda kila mahali kwa miguu.

Mara ya mwisho kuendesha akiwa macho alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimpakia mdogo wake, Latifa, waende kuwatazama ndege aina ya heroe kwenye mashamba ya chumvi. Kwenye kona moja mtu alikuwa amemwaga mafuta ya zeituni. Waliteleza. Radhia aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Goti la kushoto la Latifa halikukunjika tena mpaka leo. Baba yao aliifunika pikipiki kwa magunia bandani, na hakuna aliyeitaja tena.

Tangu siku hiyo Radhia alimnunulia mdogo wake mboga, alimfulia mapazia, na alimsindikiza hata kwa mshonaji aliyekuwa mlango wa tatu kutoka kwake. Latifa alivumilia, ingawa uvumilivu haukuwa tabia yake.

Baba alipofariki walisafisha banda. Radhia akasema pikipiki iuzwe chuma chakavu. Latifa akaitikia, kisha akaipeleka kimya kimya kwa fundi Boubaker.

Asubuhi moja ya Machi Radhia alisikia chini ya dirisha mngurumo anaoujua. Alilala akiusikiliza kwa raha, akidhani bado anaota, mpaka moshi ulipomfikia puani. Akashuka. Latifa alikuwa amesimama mlangoni, na fundi ameshika usukani.

"Hii si ilikwenda kwa muuza vyuma?" Radhia akauliza.

"Ilipitia kwa Boubaker kwanza."

"Nimebadili plagi, matairi na breki zote mbili," fundi akasema. "Injini ni ileile, mwalimu. Kwa umri wake, mimi ndiye wa kuiamkia."

"Izime. Mimi sipandi. Na wewe, Latifa, hupandi."

Latifa hakupandisha sauti. "Dada, kila ukija kwangu unalitazama goti kabla hujanitazama usoni. Nimechoka. Mimi si kosa lako. Mimi ni Latifa."

Radhia akarudi ndani, akakaa jikoni na kipande cha mkate mkononi bila kukila. Nje mngurumo haukukoma. Baada ya muda akatoka, akamwomba fundi usukani.

Kwa wiki tatu alijifunza upya kila kulipopambazuka, kwenye njia ya vumbi kati ya mizeituni. Mikono ilikumbuka yenyewe. Hata hivyo alianguka mara mbili kwa mwendo wa kobe.

"Mwalimu," jirani yake Mongia alimwita kutoka juu ya paa, akianika nguo, "wanafunzi wako wanajua kwamba unalala barabarani?"

"Waambie napima pembe."

Jumapili ya nne Latifa akapanda nyuma, mguu wake mgumu ukinyooka pembeni. Ukungu ulikuwa umetanda kutoka baharini. Walipita ukuta baada ya ukuta, kila kitu kikijitokeza taratibu na kuyeyuka, na Radhia hakuwa na hakika kama yeye anasogea au ni dunia inayopitishwa mbele yake. Mikono ya mdogo wake kiunoni ndiyo iliyomjulisha kwamba yu macho.

Alipokaribia kona akasimamisha. Sasa palikuwa na duka la vigae.

"Ni hapa," akasema.

"Hapa? Hapana. Ilikuwa mbele, kwenye kisima."

"Latifa, mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Na mimi ndiye niliyelala chini nikisubiri gari. Nilikiona kisima."

Walibishana pale, injini ikiunguruma, wala hawakuafikiana. Miaka yote hiyo Radhia alikuwa ameikwepa kona ambayo huenda haikuwa yenyewe. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka, akaongeza mafuta, wakaondoka.

Kwenye mashamba ya chumvi maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja. Heroe walisimama humo kwa miguu yao myembamba, mamia yao, rangi ya waridi hafifu. Dada hao walikula mayai ya kuchemsha na mkate.

Kisha Latifa akapangusa mikono kwenye sketi. "Haina gea, sivyo? Mafuta na breki tu."

"Kwa nini unauliza?"

"Niwashie. Mimi nakaa mbele."

Radhia akafungua mdomo akatae, akamtazama usoni, akaufunga. Akapiga pedali, akamwachia usukani, akapanda nyuma. Pikipiki ikaruka, ikayumba, ikatulia.

"Polepole," akasema.

"Nyamaza, dada. Unanisumbua."

Wakaenda juu ya tuta jembamba, maji huku na huku, na ndege wakanyanyua vichwa mmoja mmoja kuwatazama wakipita.